Cheti cha Kitambaa Kinajibu Swali Gani?

Wazazi wanaoniletea kazi ya kushona nguo za watoto wachanga hapa Mwanza siku hizi wanauliza jambo ambalo zamani halikuulizwa: je, kitambaa hiki ni salama kwa ngozi ya mtoto, na je, kimetengenezwa bila kuharibu mazingira? Nafurahi sana kuulizwa hivyo. Hata hivyo, maswali hayo mawili huja yamefungwa pamoja kana kwamba jibu lake ni moja, na muuzaji wa kitambaa naye hujibu kwa neno moja tu, "ogani", yaani cha kilimo hai, huku akionesha jani la kijani lililochapwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya jora. Nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu usalama wa kitambaa mwilini ni jambo moja, na namna kitambaa hicho kilivyotendea ardhi, maji na watu waliokitengeneza ni jambo jingine. Mambo hayo hupimwa na watu tofauti, mahali tofauti, kwa njia tofauti, na cheti cha upande mmoja hakiwezi kuwa ushahidi wa upande mwingine.

Nianze na usalama, kwa kuwa ndio unaomgusa mtoto moja kwa moja. Cheti kinachojulikana zaidi katika upande huu ni OEKO-TEX Standard 100, kilichoanzishwa mwaka 1992 na taasisi mbili za utafiti wa nguo, moja ya Ujerumani na nyingine ya Austria. Msingi wake ni kipimo cha maabara. Sampuli ya nguo, pamoja na uzi wa kushonea, vifungo, zipu na lebo yenyewe, hupimwa ili kuona kama ina kemikali zilizomo kwenye orodha ndefu ya vitu vyenye madhara, na kama zimo, ni kwa kiasi gani. Nguo hugawanywa katika madaraja manne kufuatana na ukaribu wake na ngozi. Daraja la kwanza ni la watoto hadi umri wa miaka mitatu, nalo ndilo lenye masharti makali kuliko yote. La pili ni la nguo zinazolala juu ya ngozi, kama vile mashati, nguo za ndani na mashuka. Yanayofuata ni ya makoti, na mwisho mapazia na vitambaa vya mapambo.

Tofauti ya madaraja hayo ina uzito. Chukua fomaldehaidi, kemikali ambayo viwanda huitumia ndani ya dawa ya kumalizia kitambaa ili kisikunjamane wala kusinyaa. Katika daraja la pili inaruhusiwa hadi miligramu 75 kwa kila kilo ya kitambaa, lakini katika daraja la watoto haitakiwi kuonekana kabisa kwenye kipimo. Nguo ya mtoto hupimwa pia kama rangi yake inahimili mate na jasho, kwa kuwa mtoto hunyonya chochote kinachofika mdomoni, iwe kola ya shati au kona ya shuka. Kisha kuna rangi za jamii ya azo, ambazo baadhi yake zikivunjika hutoa amini za aromatiki, na miongoni mwa amini hizo zimo zinazosababisha saratani. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku rangi zinazotoa amini hizo zaidi ya miligramu 30 kwa kilo katika nguo zinazogusa ngozi kwa muda mrefu, na OEKO-TEX imeweka kikomo chake chini ya hapo, kwenye miligramu 20.

Hivyo basi, mtu akinionesha cheti hiki cha daraja la kwanza, na cheti kikawa cha kweli, namshonea mtoto nguo nikiwa na amani. Lakini siwezi kumwambia mzazi kwamba amenunua nguo rafiki kwa mazingira. Standard 100 haiulizi pamba ililimwaje. Kitambaa cha poliesta tupu kinaweza kukipata, na hata pamba iliyopuliziwa viuatilifu msimu mzima inaweza kukipata, ili mradi mabaki yaliyobaki kwenye nyuzi hayavuki kikomo. Wala hakiulizi maji ya kutia rangi yalimwagwa wapi. Shirika hilohilo lina alama nyingine zinazokagua viwanda na mazingira yake, ila hizo ni vyeti vingine, na mtu hawezi kuzihesabu kwa kuona jina la OEKO-TEX peke yake.

Swali la shamba na kiwanda ndilo linalojibiwa na GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za nyuzi za kilimo hai, ambacho vyeti vyake vilianza kutolewa mwaka 2006. Alama yake ni shati jeupe ndani ya duara la kijani. Ili nguo iandikwe "ogani" kwa kiwango hiki, angalau asilimia 95 ya nyuzi zake ziwe zimetoka kwenye kilimo hai. Kukiwa na asilimia 70 au zaidi, inaruhusiwa kuandikwa tu kwamba imetengenezwa kwa nyuzi za kilimo hai. Kupausha kwa klorini ni marufuku, na viwanda hutumia dawa za oksijeni kama vile haidrojeni peroksaidi. Rangi zenye metali nzito zenye sumu haziruhusiwi, kiwanda cha kutia rangi lazima kiwe na mtambo wa kusafisha majitaka, na yapo masharti kuhusu haki za wafanyakazi. Kwa sababu hiyo naiona GOTS kuwa ndiyo inayokaribia zaidi kile ambacho wateja wangu wanakifikiria wanaposema "rafiki kwa mazingira".

Shamba lenyewe, hata hivyo, halikaguliwi na GOTS. Hukaguliwa kwa kanuni za kilimo hai, kwa mfano zile za Umoja wa Ulaya, na GOTS huanzia kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa shamba hilo si la mbali nasi. Wilayani Meatu, mkoani Simiyu, pamba ya kilimo hai inalimwa tangu mwaka 1994 kupitia bioRe Tanzania, mradi uliozaliwa na kampuni ya Remei ya Uswisi. Anayedhani pamba ya kilimo hai ni pamba iliyoachwa tu bila dawa, hajui kazi iliyopo. Funza wa vitumba hawaachi shamba kwa sababu mkulima amejiandikisha. Mkulima hupanda alizeti katikati ya pamba ili zivute wadudu waharibifu pamoja na maadui wao, hutumia mwarobaini, hurutubisha udongo kwa samadi, na hubadilisha mazao kwa kupanda choroko, dengu au ufuta. Akitoka kwenye kilimo cha dawa, kanuni za Ulaya zinamtaka alime kwa njia hai miaka miwili kabla ya kupanda zao la kwanza litakalotambulika, na katika kipindi hicho cha mpito hawezi kuuza pamba yake kama ya kilimo hai, ingawa gharama na hasara za mabadiliko anazibeba tayari. Jirani akipulizia dawa siku ya upepo, mistari ya mpakani inaweza kukataliwa.

Wakulima wadogo hawawezi kila mmoja kumlipa mkaguzi kutoka nje, kwa hiyo huthibitishwa kama kikundi. Kikundi huwa na wakaguzi wake wa ndani wanaotembelea mashamba yote, wakiandika ukubwa wa shamba, mazao ya msimu uliopita na mavuno yanayotarajiwa. Kisha mkaguzi wa nje huja kupima kama mfumo huo wa ndani unafanya kazi kweli, akichagua mashamba ya kuyaona kwa macho yake. Makadirio hayo ya mavuno ndiyo uti wa mgongo wa kila kitu. Mkulima aliyekadiriwa kilo 600 akileta kilo 900 kituoni, kilo 300 zinahitaji maelezo, kwa sababu huenda ni za jirani asiye kwenye mradi aliyetaka kufaidi nyongeza ya bei inayolipwa kwa pamba hai. Kwenye kinu, mashine husafishwa kwanza ndipo pamba hai ichambuliwe peke yake, na marobota hutiwa alama. Hata hapo hesabu inaendelea: kwa kawaida zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wa pamba mbegu ndiyo inayotoka kama pamba nyuzi, na kinu kinachoonesha kimetoa nusu kimesema uongo mahali fulani.

Tanzania ina jambo jingine la kujivunia katika hili. Kilimo hai kinakataza mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na zaidi ya asilimia 90 ya eneo la pamba nchini India limepandwa mbegu hizo, jambo linalofanya kutenganisha pamba ya huko kuwa kazi ngumu tangu kwenye mbegu. Kenya nayo ilianza kuwapa wakulima mbegu za aina hiyo mwaka 2020. Pamba ya Tanzania haina mbegu hizo mashambani, na natamani watunga sera wetu waone thamani ya hali hiyo sokoni kabla ya kuibadilisha.

Baada ya bandari, uaminifu wa pamba hutegemea karatasi. Kila inapouzwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kwa msokota uzi, kwa mfumaji, kwa mtia rangi, kwa mshonaji, hutolewa cheti cha muamala kinachotaja mzigo husika na uzito wake. Mnyororo huo una nguvu pale tu kila karatasi inapolinganishwa na iliyotangulia. Mwaka 2020 GOTS yenyewe ilitangaza kwamba imegundua udanganyifu nchini India: pamba ya uongo ipatayo tani 20,000 ilikuwa imeingizwa kwenye mfumo kwa vyeti vya kughushi vya muamala, na kampuni 11 zilifungiwa. Wapo waliosoma habari ile wakahitimisha kwamba vyeti vyote ni hadaa. Mimi nilielewa tofauti. Udanganyifu uligunduliwa kwa sababu kulikuwa na hesabu ya kulinganisha. Kitambaa chenye jani la kijani tu, bila namba, hakina hesabu yoyote inayoweza kukisuta, na kwa hiyo hakiwezi hata kukamatwa.

Zipo pia alama ambazo hazidai kilimo hai, nazo tusizichanganye na hizo. Cotton made in Africa, iliyoanza mwaka 2005 na inayofanya kazi na wakulima wa Tanzania pia, inakataza mbegu za vinasaba na viuatilifu hatari zaidi, lakini si dawa zote. Baadhi ya mifumo ya namna hii huruhusu hesabu ya kiasi: kiwanda kikinunua tani kumi za pamba iliyothibitishwa, kinaweza kuuza nguo za uzito unaolingana zikiwa na alama, ingawa nyuzi zenyewe zimechanganyika njiani na nyinginezo. Mkulima amenufaika kweli, na hilo ni jema. Ila nguo uliyoishika inaweza isiwe na hata uzi mmoja kutoka shambani kwake.

Kuhusu "kitambaa cha mianzi", ambacho mashuka yake yanauzwa sana mitandaoni kama kitu asilia, neno langu ni fupi. Kwa kawaida ni viskosi. Mti wa mwanzi huyeyushwa kwa kemikali hadi uwe uji, kisha uji huo hugeuzwa uzi, na miongoni mwa kemikali hizo ni kaboni disalfaidi, inayodhuru neva za wafanyakazi wanaoivuta. Mwaka 2022 mamlaka ya biashara ya Marekani iliwachukulia hatua Kohl's na Walmart kwa kuuza viskosi kama mianzi rafiki kwa mazingira, na wakakubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5. Ikiwa jitu la biashara kama Walmart liliulizwa, muuzaji wa mtandaoni naye aulizwe. Poliesta iliyotengenezwa kwa chupa zilizotumika ina kiwango chake, GRS, kinachothibitisha kwamba malighafi ni ya kurejelezwa. Nyuzi bado ni plastiki, na kila zikifuliwa huachia chembe ndogo majini.

Lipo swali moja ambalo hakuna kipimo cha kitambaa kinachoweza kulijibu, nalo ni usalama wa aliyeshona. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises huko Karachi, Pakistani, kiliungua, na watu zaidi ya 250 wakafa, wengi wao wakiwa wamenaswa ndani kwa sababu madirisha yalikuwa na nondo na milango ilikuwa imefungwa. Wiki chache kabla ya moto huo kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, kiwango cha haki na usalama wa wafanyakazi. Tangu nisome habari hiyo, kila ninapoona cheti cha ukaguzi wa kiwanda nauliza nani alikwenda, alikaa kwa muda gani, na alilipwa na nani. Kipimo cha fomaldehaidi kinaweza kurudiwa na maabara nyingine yoyote na jibu likalingana. Mlango uliofunguliwa siku ya mkaguzi na kufungwa kesho yake haupimiki hivyo, na kwa maoni yangu tusivipe vyeti vya aina hizi mbili uzito mmoja.

Sasa nije kwetu, kwenye jambo linaloniuma. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa marobota. Pamba ya Meatu iliyokaguliwa mstari kwa mstari inakwenda kuwa fulana ya mtoto wa Zurich, na mama aliyeivuna anambeba mtoto wake kwa kitenge kilichotoka ng'ambo, ambacho hakuna dukani anayeweza kusema kilitiwa rangi gani. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina maabara ya nguo na alama yake ya ubora, na tayari limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa ajili ya afya za watu. Ningependa sana kuona kanga na vitenge vinavyoingia nchini vikipimwa amini na fomaldehaidi mara kwa mara, na matokeo yakatangazwa hadharani kwa majina ya bidhaa. Kama ningelazimika kuchagua, kwa soko letu la leo ningeanza na kipimo hicho cha rangi kabla ya kutamani cheti cha kilimo hai.

Mabibi zetu walikuwa na kinga yao. Mtoto mchanga hakufungwa kanga mpya iliyo na dondo. Alifungwa kanga kuukuu, laini, iliyofuliwa mara nyingi. Desturi hiyo ina mantiki hata kwa macho ya mkemia, kwa kuwa kufua huondoa dondo, rangi iliyolegea na sehemu kubwa ya fomaldehaidi iliyo huru. Nawasihi wazazi wote waifuate: kitambaa kipya kifuliwe, na maji yakiendelea kuchuja rangi baada ya kufuliwa tena na tena, kisiwekwe mwilini mwa mtoto. Lakini kufua hakuondoi rangi mbaya iliyoshika vizuri kwenye uzi, na rangi isiyochuja si uthibitisho kwamba ni salama.

Dukani huwa nachomoa uzi pindoni mwa jora na kuuchoma. Pamba hushika moto upesi, hunuka kama karatasi inayoungua na huacha majivu mepesi ya kijivu yanayopukutika kwa kidole. Poliesta hujikunja kwa kuukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na huacha donge gumu. Mchanganyiko huacha majivu yenye punje ndani yake. Jaribio hili limeniokoa na "pamba asilimia mia" nyingi, ila viskosi huungua karibu sawa na pamba, na moto hausemi lolote kuhusu rangi wala shamba.

Kwa hiyo naomba namba. Lebo halali ya OEKO-TEX ina namba na jina la taasisi iliyopima, na ya GOTS ina jina la aliyethibitisha pamoja na namba ya leseni. Zote mbili zinaweza kutafutwa bure kwenye tovuti za mashirika hayo kwa simu ukiwa umesimama dukani. Tazama jina la mwenye cheti, bidhaa iliyotajwa, daraja, na tarehe ya kwisha, kwa kuwa Standard 100 hudumu mwaka mmoja tu. Hapo kwenye jina ndipo penye mtego. Mara nyingi picha ya cheti inayotumwa kwenye simu ni ya kweli kabisa, lakini ni ya kiwanda kilichosokota uzi, wakati kitambaa kilifumwa na kutiwa rangi kwingine, na sumu nyingi huingia kwenye hatua ya rangi. Cheti cha uzi hakifiki kwenye kitambaa chenye maua mekundu.

Mabadiliko yanakuja kutoka upande wa wanunuzi wakubwa. Kuanzia tarehe 27 Septemba 2026 sheria mpya ya Umoja wa Ulaya inakataza kubandika alama za uendelevu zisizo na mfumo wa uthibitisho au mamlaka ya umma nyuma yake, na jani la kijani lisilo na mwenyewe litakuwa kosa katika soko hilo. Wakati huohuo kanuni mpya za kilimo hai za Ulaya zimeweka ukomo wa wanachama 2,000 kwa kikundi kimoja cha wakulima, nacho kinatakiwa kiwe chombo kilichosajiliwa kisheria. Vikundi vikubwa inabidi vigawanywe, na kila kipya kibebe uongozi, wakaguzi wa ndani na gharama zake. Nia ya kanuni ni kuziba mianya ya udanganyifu, nami naiunga mkono. Lakini gharama hiyo isiposhirikiwa na wanaonunua fulana, italipwa na mkulima wa Simiyu kutoka kwenye nyongeza ileile iliyomfanya aache dawa.

Kwa upande wangu, nguo ninazoshona zina kipande cha karatasi ninachokiandika kwa mkono. Kitambaa chenye cheti kinaandikwa aina ya cheti, daraja na namba, ili mzazi akahakikishe mwenyewe. Kisicho nacho kinaandikwa: "Pamba, haina cheti, imefuliwa kabla ya kushonwa."